WITO HUANZIA KWA JIRANI

Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wanakamati wa Haki na Amani wa parokia



Nimepewa mada ya wito: namna gani mwamini mlei aweza kutambua kwamba Mungu anamwita kuitumikia jamii yake kupitia vikundi na mashirika yasiyotafuta faida. Nina maana ya kazi mnazozifahamu: kuwatembelea wagonjwa majumbani, kuwalea yatima, kumsaidia mjane asinyang'anywe shamba, kulinda chemchemi ya kijiji, kuwapatanisha majirani waliogombana. Baadhi yenu mnazifanya tayari, wengine mnatamani kuzianza, na wengine, nisiwafiche, mmezianza mkazichoka. Maneno yangu ni kwa makundi yote matatu.

1. Mawazo mawili yanayotupotosha

Kwa muda mrefu, neno wito lilipotajwa kanisani akili zetu zilikwenda moja kwa moja seminarini na utawani. Jumapili ya Miito tuliwaombea mapadre na watawa, na ni vema tuendelee kufanya hivyo. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungwa mwaka 1965, ulifundisha waziwazi kwamba walei nao wameitwa, na kwamba shamba lao ni ulimwengu wenyewe: soko, shule, ofisi, kijiji. Papa Yohane Paulo wa Pili alilieleza fundisho hilo kwa mapana mwaka 1988 katika wosia wake juu ya walei. Hata hivyo, wako miongoni mwetu wanaoamini hadi leo kwamba mlei hana wito. Ana kazi tu ya kumwezesha kula, na Jumapili ana sadaka ya kutoa.

Wazo la pili linalopotosha ni jipya zaidi. Wako ambao wakisikia neno shirika hufikiri mara moja juu ya gari kubwa, semina ya hotelini na posho ya siku. Kijana anamaliza masomo, anatafuta ajira asiipate, kisha anaambiwa na wenzake, "Andikisha shirika, wafadhili watakuja." Simlaumu kijana huyo, kwa maana njaa haina adabu. Lakini kazi iliyoanzishwa kwa ajili ya mfadhili humtazama mfadhili usiku na mchana, na mwenye shida hubaki picha katika taarifa.

Mwaka 2025 ulituletea funzo kali. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likakoma kuendesha miradi. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, kazi nyingi za afya na za jamii zilizotegemea mfuko huo zilisimama ghafula. Watu waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa UKIMWI na wa kifua kikuu walipewa barua za kusimamishwa. Mahali pengine hakikubaki kitu ila kibao cha mradi kando ya barabara. Mahali pengine mama aliyekuwa akimtembelea mgonjwa kwa posho aliendelea kumtembelea bila posho, kwa sababu mgonjwa yule ni jirani yake, na watoto wake anawajua kwa majina.

Naomba tumweke mama huyu mbele ya macho yetu katika mazungumzo haya yote. Tukimtazama vizuri tutaona mambo mawili. La kwanza, anatufundisha wito ni nini. La pili, anatudai haki, maana jumuiya iliyomwachia mzigo huo peke yake haiwezi kujisifu kwa uvumilivu wake. Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

2. Sauti hutokea wapi?

Maandiko Matakatifu yanatuambia kwamba kijana Samweli aliitwa usiku mara tatu, na mara zote tatu alidhani anaitwa na mzee Eli, akaamka akamkimbilia. Mungu alikuwa anaita, lakini sauti ilisikika kama ya mtu wa karibu. Tena Samweli hakuitambua kwa akili yake mwenyewe. Ilibidi mzee aliyekuwa amefifia macho amweleze ni nani anayemwita. Wito husikika kupitia jirani, na hutambuliwa kwa msaada wa wenzetu.

Nawapa mfano kutoka kwa jirani zetu wa Kenya. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Alisomeshwa na watawa, akaenda Marekani kusomea biolojia, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu mjini Nairobi. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na taaluma yake ilihusu maumbile ya miili ya wanyama. Lau angeulizwa wakati ule wito wake ni upi, yamkini angejibu kwamba ni utafiti na kufundisha.

Katika miaka ya 1970 alijitolea kufanya kazi na Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Huko aliwasikia wanawake wa vijijini wakieleza taabu zao, wala hawakutumia maneno makubwa. Walisema kuni zimekuwa mbali. Walisema maji safi hayapatikani. Walisema watoto hawapati chakula chenye nguvu, na kwamba mikononi mwao hamna fedha. Wangari alikuwa amekulia katika nchi ile ile, akavikumbuka vijito vilivyokuwa safi utotoni mwake. Akatambua kwamba taabu hizo nne zina mzizi mmoja: miti imekatwa na ardhi imebaki uchi. Jibu lake lilikuwa jepesi kiasi cha kuchekesha: basi, tupande miti.

Tarehe 5 Juni 1977 ilipandwa miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na mingi kati ya hiyo haikuishi. Wataalamu wa misitu walitilia shaka kama wanawake wasio na vyeti waweza kuotesha miche. Wanawake wenyewe walijua tangu utoto namna ya kuotesha mahindi na maharage, wakautumia ujuzi huo huo kwa miti, wakipanda mbegu hata katika vyungu vilivyovunjika. Kwa kila mche uliopandwa ukashika walipewa ujira mdogo. Mwaka 2004, Wangari alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, akina mama wale walikuwa wamekwisha kupanda miti ipatayo milioni 30.

Angalieni mpangilio wa mambo. Kwanza yalitangulia masikio, kisha ikafuata mikono, na sifa ikaja baada ya miaka mingi. Sisi aghalabu tunaanza na jina la shirika, muhuri, na mashindano ya uenyekiti, kisha tunakwenda kijijini kuwaeleza watu shida yao ni ipi. Mtu anayetaka kujua wito wake, namsihi kwanza akae kimya katika jumuiya yake kwa muda wa miezi kadhaa, asikilize ni taabu gani inayorudiwa na watu kila wanapokutana kisimani, sokoni na msibani. Taabu inayorudiwa na wengi, nayo ikamnyima usingizi, huenda ndiyo sauti inayomwita.

3. Unaanza na ulicho nacho

Wengi husema, "Mimi sina elimu, sina fedha, nitatumikia kwa kitu gani?" Musa alipotoa udhuru mbele ya Mungu, aliulizwa ana nini mkononi, na kilichokuwamo kilikuwa fimbo ya kuchungia mifugo. Fimbo hiyo hiyo ikatumika.

Wengine kilichomo mkononi mwao ni jeraha. Noerine Kaleeba wa Uganda alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo na mwalimu wa fani hiyo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1986 alipata habari kwamba mumewe, Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, amelazwa na ana UKIMWI. Akaenda kumwuguza, akaona jinsi wahudumu wa kule walivyomshika bila woga na kuzungumza naye kama mtu kamili. Waliporudi nyumbani wakakutana na hofu na kunyanyapaliwa, maana siku zile wengi walidhani ugonjwa huo huambukizwa hata kwa kugusana. Christopher alifariki dunia mwezi Januari 1987.

Mwaka huo huo Noerine na wenzake, wote wakiwa watu 16, wakaanzisha TASO, chama cha kuwasaidia wanaoishi na virusi vya UKIMWI na jamaa zao. Wengi wa waanzilishi hao walikuwa na virusi wenyewe, nao walifariki kabla ya dawa za kufubaza virusi kufika katika nchi zetu. Hawakuwa na dawa ya kumpa mtu. Walichokuwa nacho ni kukaa naye, kumsikiliza, kumfundisha kuishi kwa matumaini, na kumfikia nyumbani ambako ndugu zake walikuwa wamemkimbia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na aliyeijua taabu hiyo aliweza kumwendea mwenzake bila kumhukumu. Kutokana na mwanzo huo mdogo kikakua chama kilichowahudumia maelfu kwa maelfu ya watu nchini Uganda.

Kwa hiyo mjane asifikiri kwamba ujane wake unamwondoa katika utumishi. Aliyewahi kunyang'anywa shamba anaijua njia ya kwenda baraza la ardhi kuliko wengi wetu. Aliyeacha pombe kwa jasho anajua saa ngapi kishawishi hubisha hodi. Lakini nasema jambo moja la tahadhari: jeraha bichi huhitaji kwanza kutibiwa. Mtu asiharakishwe kuwabeba wengine naye bado anavuja damu. Jumuiya yenye busara humpa muda, humsindikiza, kisha humwalika.

4. Wito hupimwa

Si kila hamu ya kusaidia ni wito. Mtu aweza kuvutwa na huruma ya siku moja, au na kupenda kushukuriwa, au na kutaka udiwani katika uchaguzi ujao. Tupime kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza: je, huduma yangu inamfikia asiye wa kwetu? Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na nchi ile ikaingia katika umwagaji wa damu. Katika mji wa Ruyigi, mashariki mwa nchi, mwanamke mmoja aitwaye Marguerite Barankitse alikuwa amewaficha watu katika nyumba ya askofu. Tarehe 24 Oktoba washambuliaji walifika. Walioandamwa walikuwa Wahutu, na washambuliaji walikuwa Watutsi, kabila lake Marguerite mwenyewe. Walimfunga, wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Alifaulu kuwaokoa watoto 25. Kutokana na watoto hao ikazaliwa Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani, iliyowalea maelfu ya watoto wa Kihutu, wa Kitutsi na wa Kitwa chini ya paa moja. Angeweza kusema, "Hawa si wangu." Hakusema hivyo, na kwa sababu hiyo kazi yake ikawa kazi ya amani kabla hajaitamka amani.

Katika parokia zetu damu haijamwagika namna ile, tumshukuru Mungu. Lakini hebu tujiulize: unga wa msaada unapogawanywa, Mwislamu mwenye njaa yumo katika orodha? Mhamiaji aliyekuja na ng'ombe wake, ambaye wenyeji wanamwona mkorofi, Kamati ya Haki na Amani husikiliza na upande wake?

Kipimo cha pili: je, inadumu majira yanapobadilika? Mwaka 2015, machafuko ya kisiasa yalimlazimisha Marguerite kuikimbia nchi yake, akaziacha nyuma nyumba za watoto na hospitali iliyojengwa Ruyigi. Nchini Rwanda alianza upya akiwa mkimbizi kati ya wakimbizi, na mwaka 2017 kituo kipya kilifunguliwa mjini Kigali. Majengo yalibaki ng'ambo ya mpaka. Wito ulivuka pamoja naye. Wangari naye alipigwa na kutiwa mahabusu zaidi ya mara moja. Mwaka 1992 alipigwa hata akazimia katika bustani ya Uhuru Park, alipokuwa pamoja na akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Akina mama hao wakapewa hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi. Sisemi kwamba kila mtumishi lazima apigwe. Nasema kwamba anayetetea haki asishangae kuona marafiki wamepungua.

Kipimo cha tatu: je, wanaohudumiwa wanasimama? Ikiwa baada ya miaka kumi watu wale wale wanakuja mlangoni kwako kuomba kitu kile kile, nawe unafurahi kwamba bado wanakuhitaji, basi jichunguze. Huduma njema humwinua mtu hata akaweza kutuambia hapana.

5. Fedha: ujira wa haki na hesabu za wazi

Sasa nimefika mahali ambapo mazungumzo mengi juu ya wito hukwepa. Tunamwambia mtu, "Wewe umeitwa, thawabu yako iko mbinguni," kisha tunamwacha atembee kilomita nyingi kwa miguu akiwa na njaa. Kutumia neno wito ili kumnyima mtu ujira wake ni dhuluma iliyovaa kanzu.

Soma tena habari ya Msamaria mwema. Alimfunga yule mtu majeraha kwa mikono yake, na hilo tunalikumbuka. Lakini pia alitoa dinari mbili akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba kikizidi atakilipa atakaporudi. Hakumwambia, "Mhudumie bure kwa kuwa hii ni kazi ya huruma." Alijua kwamba kumtunza mgonjwa kuna gharama, na gharama hiyo haikupaswa kumwangukia mtu mmoja.

Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, katika hati yake juu ya haki duniani, ilifundisha kwamba Kanisa linalotaka kuwahubiria watu haki halina budi kwanza lenyewe kuonekana kuwa la haki machoni pao. Na hapo hapo ikagusa ujira halali wa walei wanaolitumikia. Kwa hiyo tutofautishe. Yuko anayejitolea saa mbili kila juma kutoka katika riziki yake; huyo apewe shukrani, nauli, na ratiba isiyomwumiza. Na yuko tunayemhitaji kila siku, tangu asubuhi hata jioni. Huyo ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa. Jumuiya isiyoweza kumlipa ipunguze kazi, au igawane kazi hiyo kwa zamu. Yule mama aliyeendelea kumtembelea mgonjwa mwaka 2025, je, wanajumuiya wenzake walimlimia shamba lake hata siku moja? Walimpa sabuni ya kufulia? Walishika zamu ya Alhamisi ili apumzike? Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kutoa kwetu kuanze na hao wanaotoa kuliko sisi.

Upande wa pili wa haki hii ni uaminifu. Nehemia, alipokuwa liwali katika nchi ya Yuda, kwa miaka 12 hakula posho aliyostahili kwa cheo chake, maana aliona watu wamelemewa. Sisi tumeona vikundi vilivyokufa kwa sababu mweka hazina, katibu na mwenyekiti walikuwa mtu na mkewe na shemeji. Tumeona asasi za mfukoni, zisizo na ofisi wala wanachama, zinazoamka siku ya mgeni tu. Jirani aliyeibiwa mara moja kwa jina la yatima hatatoa tena, hata anapokuja mtu mwaminifu. Hivyo mwizi wa mfuko wa yatima humwibia pia yatima ajaye.

Basi, kila kikundi kiwe na daftari la mapato na matumizi ambalo mwanachama yeyote aweza kulifungua. Fedha zisitolewe benki kwa saini ya mtu mmoja. Hesabu zisomwe mbele ya watu kila miezi mitatu, kwa lugha wanayoielewa, na maswali yaruhusiwe. Hapa Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika yajiandikishe na yatoe taarifa kila mwaka. Tusiione sheria hiyo kuwa adui. Anayeitwa na Mungu haogopi kuulizwa na watu.

6. Kuchoka na kurithisha

Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro alipomtembelea akaona, hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba atajichosha, yeye na watu pia, akamshauri achague watu waaminifu wagawane kazi. Nawaomba viongozi mlisome shauri la Yethro mara kwa mara, hasa mnaoamini kwamba bila ninyi hakuna litakalokwenda.

Wako watumishi hodari ambao nyumbani mwao hawajulikani. Wanapatanisha ndoa za wengine, na yao inavunjika. Wanawalipia karo yatima, na watoto wao hawana madaftari. Wito wa kweli hauanzi kwa kuwadhulumu walio wa kwanza kuwa jirani zetu, yaani mke, mume na watoto. Mtu apange siku ya mapumziko na kuiheshimu. Amwambie mwenzake anapolemewa na misiba ya watu, kwa maana anayewasikiliza wenye uchungu kila siku naye anahitaji pa kuutua uchungu huo.

Tena, tangu siku ya kwanza, mwanzilishi amtafute wa kumwachia. Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Miche haikungoja ruhusa yake ili iote, kwa sababu ujuzi ulikuwa umekwisha kukaa katika mikono ya akina mama wengi vijijini. Ikiwa kazi yako itakufa siku utakayougua, basi bado hujaikabidhi kwa Mungu; umeishikilia tu.

7. Tufanye nini?

Njia ninayowapendekezea si ngeni kwenu. Ni ile ya Ona, Amua, Tenda, iliyoenezwa na padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mwanzilishi wa chama cha vijana wafanyakazi Wakristo, na ambayo Papa Yohane wa Ishirini na Tatu aliipendekeza katika waraka wake wa mwaka 1961.

Tuone. Nehemia alipofika Yerusalemu hakuhutubia. Alitulia siku tatu, kisha akatoka usiku pamoja na watu wachache, akauzunguka ukuta uliobomoka, akatazama kila ufa. Wanajumuiya watembee kitongoji chao nyumba kwa nyumba. Wahesabu wagonjwa wasiotembelewa, watoto wasiokwenda shule, wazee wanaolala njaa, kesi za mashamba zisizokwisha. Waandike.

Tuamue. Tukutane, tusali, tulisome Neno la Mungu, kisha tuulize: kati ya haya yote, ni lipi tunaloliweza sisi kwa nguvu zetu wenyewe, hata kama mfadhili hatakuja kamwe? Ni nani miongoni mwetu ana moyo na jambo hilo? Mitume walipoona wajane wamesahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakungoja watu wajitangaze. Waliiambia jumuiya ichague watu saba wenye sifa njema. Mara nyingi mtu hautambui wito wake mpaka wenzake wamwambie, "Sisi tunaona wewe unaweza."

Tutende. Ukuta wa Yerusalemu ulijengwa kwa siku 52, na Maandiko yanaeleza kwamba wengi walijenga kila mtu mbele ya nyumba yake. Tuanze na kazi ndogo mahali tunapokaa, tuifanye kwa mwaka mmoja bila kukatiza, kisha tuipime upya. Ikikua na kuhitaji kuandikishwa, tuiandikishe. Msaada kutoka nje ukija, tuupokee kwa shukrani kama mvua ya vuli, tukijua kwamba shamba lilikwisha kulimwa.

Ndugu zangu, tangu mwaka 1976 maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walitia mkazo ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Tunakutana kila juma, tunasali rozari, tunachanga. Sasa tukitoka katika sala, mmoja wetu abishe hodi kwa yule mama. Amwulize mgonjwa anaendeleaje, na yeye mwenyewe anaendeleaje. Kisha amwulize zamu ya kesho ni ya nani.

 

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni taabu gani inayorudiwa na watu wengi katika kitongoji chetu? Nani ameisikiliza?

2. Je, yupo kati yetu anayebeba huduma peke yake? Tutagawanaje mzigo wake juma hili?

3. Huduma zetu huwafikia wasio wa dini yetu, wasio wa kabila letu na wasiopendwa?

4. Mara ya mwisho hesabu za kikundi chetu zilisomwa lini mbele ya wanachama wote?

5. Kijana akituuliza, "Nina wito gani?", tutamwelekeza akamsikilize nani kwanza?